Sina muda wa kujifunza lugha, ndiyo maana natazama mpira

Msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu, na sehemu kubwa ya ujumbe huo ni salamu na sifa ambazo, sitadanganya, nilizisoma zaidi ya mara moja. Kiini chake ni hiki: "Dada, nina kazi, nina watoto, nikifika nyumbani jioni sina hamu hata ya kuongea lugha yangu mwenyewe. Kifaransa nilikianza nikakiacha. Kikorea nimeishia kwenye herufi. Wewe hicho Kituruki unakipatia wapi muda?"

Sikipatii. Nami nina kazi, nami jioni nachoka, na nidhamu ya kuamka alfajiri kufungua daftari la sarufi sijajaliwa. Wapo waliojaliwa, Mungu awazidishie. Mimi nilichofanya ni kuchukua saa ambazo tayari nilikuwa nazipoteza kwenye mpira, nikaanza kuzipoteza kwa Kituruki.

Na ujumbe wako, ndugu yangu, umenikuta wakati ambao unyenyekevu umenipungua, kwa sababu juzi nilibishana kwa Kituruki karibu saa nzima. Mwenzangu wa kubadilishana naye lugha (yeye anataka Kiswahili, mimi nataka Kituruki, tunagawana zamu kwenye simu ya video) ni shabiki wa Galatasaray wa kufa na kuzikana. Kwake hakuna siku iliyowahi kufanana na ile ya Mei 2000, Galatasaray ilipoishinda Arsenal kwa mikwaju ya penalti kule Copenhagen na kuwa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa kombe la Ulaya. Mimi nikashikilia kwamba timu ya taifa kushika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 2002 ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu klabu hununua wachezaji, taifa halinunui. Akapinga. Nikaupinga upinzani wake. Akaongeza kasi, nami nikaongeza, na mahali fulani katikati ya ubishi nikagundua kwamba tangu tuanze sijatafsiri kitu kichwani. Nilikuwa nimekasirika tu, kwa Kituruki.

Nilianza na mechi ambazo matokeo yake nayajua. Hili namwambia kila anayeniuliza, na bado watu hawalifanyi. Chukua ile mechi ya kutafuta mshindi wa tatu mwaka 2002, Uturuki na Korea Kusini, kule Daegu. Hakan Şükür alifunga katika sekunde ya 11, goli la haraka kuliko yote katika historia ya Kombe la Dunia, na Uturuki ikashinda 3-2. Hayo yote niliyajua zamani. Kwa hiyo nilipoitazama kwa utangazaji wa Kituruki, macho hayakuwa na kazi. Kazi yote ilibaki ya masikio. Mtangazaji akipaza sauti, najua kwa nini ameipaza. Refa akinyanyua kadi, neno linalofuata haliwezi kuwa jingine. Unarudia dakika tano zilezile mpaka zile kelele zinaanza kukatika vipande, na kila kipande kinakuja na maana yake.

Hapo sisi tunaosema Kiswahili tuna upendeleo ambao hatuutumii. Dakika ni dakika. Refa ni hakem, na ukimjua hakimu humsahau. Mashambulizi ni hücum, jamaa wa hujuma. Matokeo ni netice, na aliyesoma Kiswahili cha vitabu anaijua natija. Kosa ni hata, shina moja na hatia. Kiarabu kilipita kwetu, kikapita na kwao, kikaacha mizigo ileile. Nje ya uwanja ni hivyo hivyo: kitap, saat, haber, fikir, dünya, sabun. Siwezi kukueleza raha ya kusikiliza lugha ngeni kabisa, halafu katikati ya umati huo wa sauti ukakutana uso kwa uso na binamu yako.

Sasa niseme lililoniuma. Mwanzoni nilijiunga na kundi moja la mazoezi ya mazungumzo, watu wa kila aina wanaojifunza Kituruki. Siku moja nilikuwa naeleza jambo kwa mfano wa mpira, na mmoja wa wazoefu akasema mbele ya wote kwamba mimi nina "Kituruki cha uwanjani", ukinitoa hapo sina kitu. Watu wakacheka. Nami nikacheka, si unajua mtu anavyocheka akiwa hana pa kukimbilia. Kundi lile nimelihama. Maneno yale nimehama nayo.

Basi leo nimjibu, ingawa najua hatasoma. Kituruki cha uwanjani kina nyakati zote. Mtangazaji anakwambia mchezaji anakimbia, amepiga, atatolewa. Na mpira ukigonga mwamba ndipo masharti ya lugha yanapomwagika: O golü atsaydı kazanırdık, angefunga lile goli tungeshinda. Ile -nge- yao sikuipata kwenye jedwali la sarufi. Niliipata kwa mashabiki waliofungwa, na hakuna binadamu wanaoitumia kwa wingi kuliko hao. Halafu baada ya mechi wanakuja wachambuzi, ambao wanaweza kukaa usiku kucha wakijadili goti la mchezaji, madeni ya klabu, uchaguzi wa viongozi na kesi ya mkataba uliovunjwa. Umepata maneno ya hospitali, benki na mahakama bila kutoka uwanjani. Huyo mzoefu mwenyewe, alipoulizwa siku ile na Mturuki aliyetutembelea kundini afanye nini akiugua, alibaki anatafuta neno. Nalikumbuka hilo kwa furaha isiyo ya Kimungu.

Sarufi niliifuata baadaye, na hapo ndipo nilipopagawa. Angalia: yaz- ni andika. Yazıl- ni andikwa. Yazdır- ni andikisha. Yazış- ni andikiana. Gör- ni ona, görüş- ni onana. Wanabandika viambishi vile tunavyobandika sisi, isipokuwa wao wanavipanga vyote nyuma, hadi nafsi: görüşemeyeceğiz, neno moja, hatutaweza kuonana. Hakuna jinsia ya kike na kiume ya kukariri. O ni yeye, awe mwanamke au mwanamume, kwisha. Hata ule upatanisho wa irabu unaowatisha watu, ev inapokuwa evler lakini kitap inakuwa kitaplar, mbona sisi tunao? Tunasema pikia lakini somea, na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha, ulimi unajua. Kuhusu maandishi, mwaka 1928 waliacha herufi za Kiarabu wakachukua za Kilatini, kwa hiyo kinachoandikwa karibu ndicho kinachosomwa, ukishazoea mambo machache kama ile ı isiyo na nukta. Shida ya kweli kwangu imekuwa moja: kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Mchambuzi anakutajia mchezaji, mpira, dakika ya 90, kona ya goli, na wewe umekaa roho juu hujui kama alifunga au alikosa.

Ndiyo maana siku hizi sisumbuki na yale majedwali ya lugha ngumu na lugha rahisi. Maarufu kuliko yote ni la FSI, taasisi ya mafunzo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayokadiria wiki kama 30 kwa Kifaransa, 36 kwa Kiswahili, 44 kwa Kituruki, na 88 kwa Kikorea, Kijapani, Kichina na Kiarabu. Watu wanalisambaza utadhani ni sheria. Lakini limetokana na wanadiplomasia wanaosema Kiingereza, watu ambao kujifunza lugha ndiyo kazi wanayolipwa kuifanya. Wewe si hao, na lugha yako ya kwanza si ile. Mwenye Kiswahili akiogopa Kituruki kwa sababu ya jedwali la Mmarekani, atakuwa ameazima hofu isiyomhusu.

Kadi za maneno ninazo, kwenye Anki, programu ya kukariri kwa kadi, nazipitia nikiwa kwenye foleni. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni, na kurudia kwa vipindi vinavyozidi kurefuka kunasaidia kweli. Ila kadi zangu zote ni sentensi nilizozisikia kwenye mechi. Neno lisilo na mechi nalisahau. Sina zaidi la kusema kuhusu kadi. Kuna watu wanaweza kuziongelea mpaka usiku wa manane, kawaulize hao.

Siku yangu ikoje? Haina maajabu. Asubuhi nikijiandaa, habari za michezo ziko kwenye hedifoni. Njiani, podikasti ya wachambuzi wawili ambao hawajawahi kukubaliana. Nikiosha vyombo najitangazia mwenyewe: sahani inaelekea kabatini, inapita, inapitaaa, ndani! Wanaonisikia wamezoea, au wamenyamaza kwa huruma. Wikiendi natazama ligi yao kama ambavyo ningetazama ligi nyingine yoyote. Sikuongeza kitu katika siku. Nimebadilisha lugha ya vilivyokuwamo.

Wala sisemi lazima iwe mpira. Nawajua watu waliofika mbali kwa tamthilia za Kituruki. Mimi zimenishinda: sehemu moja, jinsi inavyorushwa huko kwao, inaweza kupita saa mbili, na robo yake watu wanatazamana tu bila kusema neno. Unajifunza nini kwa watu wanaotazamana? Lakini kama wewe unapenda kuwaangalia, waangalie.

Kató Lomb, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1909, alisomea kemia lakini akaishi kwa ukalimani wa lugha nyingi. Kirusi alikianza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kung'ang'ana na riwaya. Hakusubiri kitabu cha wanaoanza kimpe ruhusa. Alikuwa mpenda vitabu, akaingilia mlango wa vitabu. Kila ninaposoma habari zake najiambia kwamba mama huyu angekuwa mpenda mpira tungeelewana sana.

Basi hamisheni, ndugu zangu. Anayependa kushona, atazame ushonaji kwa Kifaransa. Anayependa kufungua injini, afungue injini kwa Kijerumani. Anayecheza sataranji, aitazame kwa Kirusi, wachambuzi wamejaa tele. Msiniambie muda hakuna wakati saa za kutazama watu wakigombana mtandaoni zipo. Tazameni basi wakigombana kwa Kihispania. Mnapakua programu moja baada ya nyingine, mnapigania mlolongo wa siku usikatike, mnaamka usingizini kuokoa mlolongo, halafu akitokea mtu hai akakuulizeni hali mnaduwaa. Lugha haihesabu siku ulizofungua simu. Lugha inataka uwe na jambo la kusema, na jambo la kusema linatoka kwenye unachokipenda. Hamisheni unachokipenda. Nimeshalisema hili huko juu na nitalisema tena makala ijayo, kwa sababu najua mtasoma, mtafurahi, kisha mtarudi kuuliza ni kitabu gani cha sarufi kizuri.

Na wewe uliyeniandikia, umenitajia kazi, watoto na uchovu, hukunitajia unapenda nini. Niandikie tena. Nitajie kitu unachokifanya hata ukiwa umechoka, kile ambacho huwa kinakukosesha usingizi na hujutii. Kama kitu hicho Wakorea wanacho kwa wingi, rudi kwenye Kikorea; herufi 24 za msingi tayari unazijua, na Mfalme Sejong wa Korea alipotangaza herufi za Kikorea mwaka 1446 nia yake ilikuwa watu wa kawaida wazimudu haraka, kwa hiyo wewe kuishia kwenye herufi si aibu, ni mlango umeshafunguka. Kama hakipo huko, kakitafute kwenye Kifaransa, hakina kinyongo na waliokiacha.

Jumamosi hii ni zamu ya Kiswahili. Nimemwandalia mwenzangu ngeli, nikampangia A-WA na KI-VI kwanza, pole pole. Amekataa. Anasema ngeli zitasubiri. Anataka kwanza maneno ya kumzomea refa, na ameomba yawe makali.