Ukiwaonyesha Hotuba, Dainamo Iwe Mezani

Mara ya kwanza nilipowaonyesha wanafunzi wangu hotuba ya mtandaoni, niliamini nimemaliza kazi. Ilikuwa ndefu, msemaji anajua kuteka watu, mimi mwenyewe ilinitoa machozi. Nikaazima projekta, nikaziba madirisha kwa kanga, Kidato cha Nne chote kikatulia tuli. Kesho yake nikauliza wamejifunza nini. "Mwalimu, anaongea vizuri sana." Basi, hakuna la zaidi.

Jibu lile lilinisumbua wiki nzima. Kosa halikuwa la watoto. Niliwapa hamu, kisha sikuwapa kitu cha kuishikia, na hamu ikapoa kabla ya kengele ya kutoka.

Siku hizi, kwenye mada ya sumakuumeme, naanza na William Kamkwamba wa Malawi. Mwaka 2007 alipanda jukwaa la TED, mikutano ya hotuba fupi zinazowekwa mtandaoni, hapahapa Arusha, akahojiwa jinsi alivyojenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kijijini kwao akiwa na miaka 14, baada ya kukosa ada na kuacha shule wakati wa njaa. Video yenyewe ni ya dakika chache tu. Ana woga, Kiingereza kinamkwama, majibu yake mafupi. Mimi kwa darasa langu namchagua yeye kuliko wasemaji waliobobea. Binti mmoja wa dawati la nyuma nilimsikia akimnong'oneza mwenzake: "Kumbe anaongea kama sisi."

Alirudi jukwaani mwaka 2009, safari hii Oxford, na humo ndimo ninamopata somo lenyewe. Anaeleza kuwa Kiingereza cha vitabu vya maktaba kilimshinda, kwa hiyo akaanza na michoro, na kupitia michoro akayajua maneno yaliyoizunguka. Hapo nasimamisha video. Nawaambia wafungue kitabu kwenye mchoro wa dainamo, kile kifaa cha baiskeli kinachozalisha umeme wa taa, wafunike maelezo kwa kiganja, wanieleze kwa Kiswahili wanachokiona: sumaku, waya uliozungushwa, mhimili. Tukishakubaliana, tunaondoa viganja na kusoma Kiingereza. Watoto ambao hawajawahi kunyoosha kidole darasani hunyoosha siku hiyo. Kama una nafasi ya kujaribu kitu kimoja tu katika haya ninayoandika, jaribu hicho.

Kisha tunapindua baiskeli magurudumu juu. Dainamo inagusa tairi, mmoja anazungusha pedali. Polepole, waya wa balbu unakuwa mwekundu kama kaa linalozimika. Akikaza, taa inawaka nyeupe. Kwa nini?

Kabla sijajibu natoa simu. PhET ni majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na mengi unaweza kuyapakua yakafunguka bila intaneti. Katika lile la sheria ya Faraday, kanuni ya kuzalisha umeme kwa sumaku, mwanafunzi anasukuma sumaku kwa kidole ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa, na taa inawaka. Akiiacha imetulia humo ndani, taa inazima. Kila mwaka yupo anayelalamika: "Mbona sumaku bado ipo?" Swali hilo ndilo ninalolitafuta tangu asubuhi, na nikilipata naacha kuongea wabishane.

Maandalizi si magumu, ila usiyaruke. Pakua usiku nyumbani, halafu zima data ujaribu kama kweli faili linafunguka. Itazame hotuba mara mbili, uandike dakika utakazosimama. Hotuba za TED ni ruksa kuzionyesha darasani bure, lakini leseni yake hairuhusu kuzikatakata na kuziunga upya, kwa hiyo mimi nasimamisha tu na kuendelea. Shule isiyo na mtandao kabisa itafute Kiwix, programu ya bure inayohifadhi Wikipedia na nyenzo nyingine huria kwenye kompyuta au flashi.

Muhula uliopita kijana mmoja alinifuata na mota ndogo aliyoichomoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Alitaka kujua, akiizungusha kwa mkono, itatoa umeme au haitatoa? Sikumjibu. Nilimfungulia kabati la maabara nikampa galvanomita, kipimo cha umeme mdogo, na nyaya mbili.