Barua kwa mwanangu: mweleze kwanza Yekini aliishije

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na salamu zako kwa mjomba wako nimezifikisha kama ulivyoniagiza. Umeniambia kwamba mjukuu wangu ameliona kwenye simu goli la Rashidi Yekini, mshambuliaji wa Nigeria, dhidi ya Bulgaria katika Kombe la Dunia la 1994, na kwamba amelipenda mpaka kila akifunga pale shuleni hukimbilia golini na kuzishika nyavu kwa mikono miwili. Alipokuuliza mtu yule yuko wapi siku hizi, ulimjibu kwamba amekwisha kufa, naye akataka kujua amekufaje. Sasa unaniuliza mimi umweleze nini mtoto wa umri wake kuhusu kifo kile.

Nitafika huko, lakini naomba uniache nianze na namna Yekini alivyoishi, kwa sababu naona mtu akishakufa vibaya watu huanza kumsimulia kutoka mwisho, na maisha yake yote yakaonekana kana kwamba yalikuwa njia ya kuelekea kwenye kifo hicho. Yekini hastahili kusimuliwa hivyo. Alizaliwa Kaduna mwaka 1963, ingawa asili ya wazazi wake ilikuwa Irra, katika jimbo la Kwara. Alichezea Shooting Stars ya Ibadan, timu ambayo mwaka 1984 ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika na kufungwa na Zamalek ya Misri. Baadaye alikwenda Abidjan, na mwaka 1990 akavuka bahari hadi Setúbal, mji wa bandari ulioko kusini ya Lisbon, kuichezea Vitória. Huko Ureno ndiko alikokuwa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 21 katika msimu wa 1993/94, na mwaka huo wa 1993 akawa Mnigeria wa kwanza kutangazwa Mwanasoka Bora wa Afrika. Nigeria ilipochukua Kombe la Afrika kule Tunisia mwaka 1994, mfungaji bora alikuwa yeye, kwa magoli matano. Mpaka anakufa alikuwa ameifungia nchi yake magoli 37, na hakuna Mnigeria mwingine aliyekuwa ameifikia idadi hiyo. Mtoto ameona goli moja tu, na si haki akadhani kwamba mtu yule alikuwa wa goli moja.

Hata hivyo goli lenyewe ni hilo, sina ubishi, na usiku wake ninaukumbuka vizuri. Kule Dallas, Marekani, ilikuwa jioni ya tarehe 21 Juni 1994, lakini huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu za usiku wa kuamkia tarehe 22. Wewe ulikuwa mdogo, umelala mapajani mwangu, na sidhani kama unakumbuka lolote. Barabara nzima ilikuwa na televisheni moja ya kutegemewa, ile nyeusi na nyeupe ya jirani yetu, ambayo ilikuwa inanasa matangazo kwa shida, na kijana mmoja alikaa juu ya paa kazi yake kuigeuza antena kila picha ilipopotea. Wanaume walijaa sebuleni mpaka kwenye baraza, nasi wanawake tulitandika mkeka ukumbini, tukaacha mlango wazi ili tuone. Marehemu baba yako alikuwa ameleta birika la kahawa, na watu walikuwa wanapokezana vikombe bila kuyaondoa macho kwenye kioo.

Mjomba wako aliwekewa kiti mbele, na kigoda cha kunyooshea mguu. Kwa miaka mingi alikuwa na kinyongo na Nigeria, tangu Machi 1980, Taifa Stars walipofungwa 3–1 mjini Lagos katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Afrika, ambayo goli letu pekee lilifungwa na marehemu Juma Mkambi. Kila ukitaja Nigeria, yeye hulitaja goli la Mkambi. Usiku ule alikaa kimya mpaka dakika ya ishirini na moja, pale Finidi George alipoumega mpira kutoka upande wa kulia na Yekini akausukumiza wavuni akiwa karibu kabisa na goli. Lilikuwa goli la kwanza la Nigeria katika Kombe la Dunia. Nyumba ilipasuka kwa kelele, watoto wakaamka, na hata wewe ulishtuka ukaanza kulia.

Ndipo tukamwona Yekini ameingia ndani ya goli. Hakumkimbilia mtu. Aliipenyeza mikono yake kwenye matundu ya wavu, akaikunja ngumi upande wa pili, akautikisa huku uso wake ameuinua juu, kinywa wazi, na machozi yanamtoka. Kelele za sebuleni zilipungua, maana watu hawakuwa wamezoea kumwona mwanamume mwenye misuli ya namna ile akilia mbele ya ulimwengu. Baadhi ya watu husema alikuwa akilitaja jina lake mwenyewe. Baba yako alisema alikuwa akimshukuru Mungu, nami nikaona ni kweli. Lakini mjomba wako, ambaye alikuwa ameusahau mguu wake na kusimama wima, alisema, "Huyu hashangilii. Huyu anaita watu."

Neno lile limekaa nami mpaka leo, na unajua kwa nini kaka yangu alilisema. Sitaki kukuchosha kwa habari unayoijua, ila kuna kipande ambacho hukuwahi kukisikia vizuri, kwa sababu nyumbani kwetu hakizungumzwi. Siku aliyoumia goti akicheza pale uwanja wa Mkwakwani, watu walewale waliomzungusha mjini mabegani wiki chache kabla walimbeba tena, safari hii kumtoa uwanjani. Viongozi wa timu, ambayo sitaitaja, walileta ujumbe kwamba watakuja kumjulia hali Ijumaa baada ya sala. Mama yangu aliamka alfajiri akakuna nazi, akapika wali na samaki wa kupaka, akatandika ule mkeka wake wa sikukuu, na kaka yangu akavaa kanzu nyeupe, akasaidiwa kukaa barazani ili wageni wasimkute kitandani. Ikapita sala ya adhuhuri, ikaja alasiri. Kila gari lililokata kona alijiweka sawa kwenye kiti. Magharibi ilipoingia, mama aliwaita watoto wa madrasa wakala chakula chote, na kaka yangu akavua kanzu. Hawakuja siku ile, wala Ijumaa iliyofuata, wala siku nyingine yoyote. Ninaandika haya na mkono unanitetemeka kwa hasira, ingawa baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki na imenipasa niwaombee.

Ndiyo maana siku zote nimewaambia, na ninalirudia hapa: mchezaji ajuliwe hali siku ambayo hakuna mechi. Siku ya mechi hana haja nasi, ana uwanja mzima.

Yekini naye siku zake zisizo na mechi zilifika. Habari ya Italia kututoa kwa magoli mawili ya Roberto Baggio, la kwanza likiwa limebaki dakika mbili mpira uishe, naiacha ilivyo kwa sababu bado inaniuma. Baada ya kombe lile Yekini alihamia Olympiacos ya Ugiriki, kisha Hispania, na mambo hayakumwendea kama Setúbal. Alikuwa na majeraha, alihama timu baada ya timu, na mwaka 1998 alikwenda tena kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa. Alipokuwa amevuka miaka arobaini alirudi kucheza ligi ya kwao na timu ya Gateway. Wengi walimcheka kwa hilo. Mimi sikuona cha kucheka, kwa kuwa nilikuwa nimemwona kaka yangu akifunga kamba za viatu vya mpira barazani, jioni ambazo hakuwa na mahali popote pa kwenda kucheza.

Baadaye aliishi Ibadan peke yake, na wanaomfahamu walisema kwamba alikuwa mtu wa kujitenga, mwenye mkono mwepesi wa kuwapa maskini, na kwamba katika miaka ya mwisho alikuwa mgonjwa. Maradhi yaliyotajwa mara nyingi yalikuwa ya akili. Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 4 Mei 2012, akiwa na miaka 48, akazikwa Irra. Mjomba wako ndiye aliyeniletea habari. Alikuja kwa miguu kutoka Makorora, na unajua umbali ule kwa goti lile, akakaa, akakataa chai, akasema, "Yule aliyekuwa anaita watu amekufa." Mimi nililia, na wewe uliponipigia simu jioni ile ukasikia sauti yangu ulidhani tumefiwa nyumbani. Ulishangaa niliposema ni mchezaji wa Nigeria.

Najua ungependa nikuambie nani wa kulaumiwa, kwa sababu mtoto atakuuliza. Ningeweza kusema nchi yake, ambayo ilimshangilia usiku mmoja ule na kulitumia goli lake kila mahali, lakini haikumwekea utaratibu wowote wa kumtazama alipoacha kucheza. Kisha najijibu mwenyewe: mtu aliyejifungia ndani na hataki wageni, utamjulia hali kwa njia gani? Mwenzake aliyegonga mlango asifunguliwe amekosa nini? Tena ndugu zake wamelaumiwa sana kwa namna walivyomshughulikia mgonjwa wao katika siku zake za mwisho, na mimi kila nikisoma lawama hizo nakumbuka namna familia zetu wenyewe zinavyohangaika mtu akiugua akili: huyu anasema hospitali ya Bombo, huyu anasema kwa mganga, huyu anasema kisomo, na wote wanampenda. Halafu tena najiuliza, kama wangekuwepo wengi waliozoea kufika kwake mapema, kabla hajaanza kuufunga mlango, je, si angekuwa na hata mmoja wa kumfungulia? Hapo narudi palepale pa siku zote, kwamba mchezaji ajuliwe hali siku ambayo hakuna mechi, na naona jina la mwenye kosa limefika kwenye ncha ya kalamu. Silitaji. Sikuwepo Ibadan, na maiti hana nafasi ya kunisahihisha.

Kwa hiyo mtoto mwambie hivi. Mwambie Rashidi Yekini alikuwa Mwislamu mwenzetu kutoka Nigeria, mshambuliaji mrefu mwenye shuti la nguvu, aliyefanya kazi miaka mingi kabla ya goli lile na miaka mingi baada yake. Mwambie aliugua maradhi ya akili, na umtajie maradhi hayo kwa sauti ileile unayotumia kutaja malaria, wala usinong'one, maana mtoto akisikia unanong'ona atadhani ni aibu, na siku akiyaona kwa mwenzake shuleni atamkimbia. Mwambie alikufa mapema na kwamba watu wengi walihuzunika, hata Tanga. Akiuliza kama mpira ndio uliomwua, mjibu hapana. Mpira ulimpa furaha ambayo sisi tuliiona kwa macho yetu. Lakini usimfiche kwamba mpira huisha, na mchezaji hubaki na miaka mingi ya kuishi baada yake.

Kisha mrudishe kwenye zile picha, umwonyeshe mwanzo wake. Yeye anaanza kutazama Yekini akiwa ameshika nyavu, lakini mwambie amtazame Finidi George kwanza, jinsi alivyoinua macho akamwona mwenzake yuko wapi. Halafu atazame ule ushindi wa 3–0 mpaka mwisho, aone Amokachi na Amunike nao wakifunga.

Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, mlete akae nami. Mjomba wako amesema anataka kumwona anavyopiga mpira kwa mguu wa kushoto, kwa sababu ulisema anauogopa mguu huo, na Jumapili kama kuna mechi Mkwakwani watakwenda pamoja. Lakini mwambie mapema kwamba Jumatatu asubuhi watakwenda mahali pengine. Kuna mzee mmoja wa Msambweni aliyecheza na mjomba wako, siku hizi haoni vizuri, na mjomba wako humpelekea gazeti akamsomea kurasa za michezo. Nataka mtoto awe ndiye msomaji siku hiyo. Anunue gazeti kwa fedha yake mwenyewe, asome polepole na kwa sauti kubwa, maana mzee masikio nayo yameanza kumsumbua, na akiulizwa ni mtoto wa nani ajibu vizuri, ataje na jina la marehemu babu yake.

Msalimie mumeo na watoto wote.

Ni mimi mama yako.