Maswali Yenu: Yosia, sanduku la fedha na isale la babu

Barua za safari hii, moja ya Arusha na tatu za Kilimanjaro, zote zinamgusa Yosia mfalme wa Yuda. Habari zake zimo 2 Wafalme 22–23 na 2 Nyakati 34–35. Ukisoma, fungua kote kuwili, kwa sababu vitabu hivi havipangi matukio kwa utaratibu mmoja.

Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 26, nimechaguliwa katibu wa mtaa wetu wa usharika. Wazee wananiita "mtoto" hata kikaoni. Wenzangu wananitia moyo kwamba Yosia alitawala akiwa na miaka minane. Nianzie wapi?
*Katibu, Ngaramtoni*

Hiyo minane usiing'ang'anie. Mtoto wa miaka minane huketi kwenye kiti, watu wazima wakamtawalia. Hesabu inayokufaa iko 2 Nyakati 34. Mwaka wa nane wa utawala wake, akiwa na miaka 16, Yosia alianza kumtafuta Mungu wa Daudi. Mwaka wa 12, akiwa na 20, akaanza kuondoa sanamu. Mwaka wa 18, akiwa na umri wako huo huo wa miaka 26, akaanza kulitengeneza hekalu. Kutoka kutafuta hadi kutengeneza ni miaka kumi. Babu yake Manase alikuwa ametawala miaka 55, na baba yake Amoni aliuawa na watumishi wake mwenyewe baada ya miaka miwili tu. Aliyerithi nyumba ya namna hiyo hakurupuki.

Kwa hiyo anza na kabati. Soma mihtasari ya miaka mitatu iliyopita, uandike kila azimio ambalo halikutekelezwa na nani alikabidhiwa. Orodha hiyo mpelekee mwenyekiti kabla ya kikao, kwake, kwa shikamoo. Ukiisoma kwa mara ya kwanza mbele ya wazee watadhani umekuja kuwaumbua, na hapo "mtoto" utabaki nalo mpaka ustaafu.

Halafu mwangalie Shafani, maana ndiye katibu mwenzako. Alitumwa hekaluni kwa habari ya fedha, akakuta kuhani Hilkia amepata kitabu cha torati. Aliporudi alitoa kwanza taarifa ya fedha aliyotumwa, ndipo akasema kuna kitabu. Makatibu wengi huanza na habari moto, za fedha zikaishia kwenye mengineyo.

Kamati yetu inachangisha fedha za paa huu mwaka wa pili. Tulipoomba hesabu tulisomewa 2 Wafalme 22:7, kwamba wasimamizi wa Yosia hawakuulizwa habari za fedha kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni sawa?
*Msharika, Marangu*

Mstari upo, ila wameanzia katikati. Rudi mstari wa 4. Fedha ilipokewa na mabawabu mlangoni, kisha Hilkia akaagizwa kufanya jumla yake, na Shafani mwandishi ndiye aliyetumwa kuhakikisha. Baada ya hapo ndipo ilipokabidhiwa kwa wasimamizi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi na waashi, wakanunua miti na mawe ya kuchonga. Wasimamizi hao wametajwa kwa majina katika 2 Nyakati 34:12: Yahathi, Obadia, Zekaria na Meshulamu. Wasioulizwa ni hao wa mwisho tu, na kiasi walichokabidhiwa kilikuwa kimeshajulikana. Kamati yenu inataka neema ya mstari wa 7 bila kupita mstari wa 4.

Utaratibu huo haukuwa wa Yosia. Ni wa mfalme Yehoashi, ambaye Nyakati inamwita Yoashi, zaidi ya karne moja nyuma (2 Wafalme 12). Nao ulitokana na kushindwa. Mwanzoni aliwaambia makuhani kila mmoja akusanye kwa watu anaofahamiana nao na atengeneze palipobomoka. Ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa pale pale. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Anayechangisha, anayetunza na anayetumia alikuwa mtu yule yule, basi. Mfalme aliwaondoa kwenye kukusanya na kwenye kutengeneza pia. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakahesabu na kuifunga fedha mifukoni.

Kwenu Marangu inaweza kuwa hivi. Sanduku liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Fedha ihesabiwe Jumapili ile ile, watu watatu, kabla kanisa halijafungwa. Andikeni noti kwa aina yake, elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie sahihi. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao. Jumatatu iende benki yote, bila kukatwa hata nauli. Malipo yatoke benki kwa hati yenye sahihi mbili, na mhazini asiwe mnunuzi. Kwa bati na mbao ombeni profoma za maduka matatu, na risiti ya EFD ibandikwe kwenye hati. Michango ya simu iingie kwenye namba ya lipa ya usharika. Namba binafsi ya mjumbe, hata awe mcha Mungu kiasi gani, haina mtu wa pili wa kuihesabu.

Penye kuharibika zaidi huku kwetu ni mnada wa baada ya ibada. Mkungu wa ndizi unanunuliwa kwa elfu hamsini, watu wanapiga makofi, mhazini anaandika elfu hamsini, mnunuzi ameondoka na mkungu akisema nitaleta. Wiki ya tatu daftari lina fedha ambazo benki haina, na hapo mtu asiye na kosa anaitwa mwizi. Wekeni safu mbili, ya ahadi na ya taslimu, na sadaka ya vitu iwe na ukurasa wake: tripu za mchanga, mifuko ya saruji, nani ameleta, nani amepokea.

Mambo mawili zaidi. Katika ujenzi wa Yehoashi fedha ile haikutengeneza vyombo vya fedha wala tarumbeta, na Nyakati inaeleza kwamba vyombo vilitokana na kilichobaki kazi ilipokwisha. Kama bado mnaangalia mawingu kupitia kenchi, spika za kwaya zisubiri. Pia fedha ya sadaka ya hatia iliachwa iwe ya makuhani, hivyo mshahara wa mchungaji usigeuzwe nondo.

Nimeokoka. Kwenye kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, pana mmea wa isale na mti walipokuwa wakitambikia. Nataka kuvikata kama Yosia. Baba mkubwa amekataa katakata.
*Kijana, Machame*

Yosia alikata akiwa mfalme. Wewe huna mamlaka hayo juu ya kihamba cha baba mkubwa. Tena isale ni alama ya mpaka na ni jani la kuombea msamaha. Ukiling'oa, shauri litakalofuata litakuwa la ardhi, na hapo injili haitasikika tena.

Soma pia 2 Wafalme 23:17. Katikati ya kubomoa kule Betheli Yosia aliona kaburi, akauliza ni la nani. Alipoambiwa ni la mtu wa Mungu aliamuru lisiguswe. Basi anza kwa kumuuliza baba mkubwa kila kimoja kina maana gani. Unaweza kukataa kushiriki tambiko bila kushika panga.

Kama Yosia alimpendeza Mungu, mbona aliuawa vitani, na wanawe wakaharibu yote?
*Mwalimu wa Jumapili, Majengo, Moshi*

Mwaka kile kitabu cha torati kilipopatikana Yosia alituma watu watano kwa nabii Hulda kuuliza maana yake, ingawa Yeremia naye alikuwa ameshaanza kutabiri tangu mwaka wa 13 wa utawala huo huo. Miaka 13 baadaye, Yosia akiwa na miaka 39, Farao Neko alipita akielekea Frati, akamtumia wajumbe kwamba hana vita naye. Yosia akajibadilisha sura, akaenda kupigana Megido, akapigwa mishale. Hapo hatusomi kwamba alimuuliza nabii yeyote. Nyakati inasema hakuyasikiliza maneno ya Neko, yaliyotoka kinywani mwa Mungu. Wengi wetu tungependa aya hiyo isingekuwepo.

Ama wanawe, mmoja wao, Yehoyakimu, alikatakata gombo la Yeremia kwa kisu na kulitupa motoni. Lakini fuata nyumba ya katibu Shafani. Ahikamu mwanawe alimwokoa Yeremia asiuawe. Gombo lile lilikuwa limesomwa kwa watu katika chumba cha Gemaria, mwana wa Shafani, na Gemaria alikuwa miongoni mwa waliomsihi mfalme asilichome. Ahikamu alikuwa mmoja wa wale watano waliotumwa kwa Hulda, pamoja na baba yake. Darasani, waulize watoto nani kati yao angependa Jumapili ijayo akae na mhazini wakati wa kuhesabu.