Bei ya mnada si pesa yako bado

Oktoba ikifika, mnada wa kwanza wa korosho ukishapita, bei inasambaa Newala nzima kabla ya jua kuzama. Kila mtu anazidisha kilo zake. Wenye maduka wanaleta bati, wenye pikipiki wanapanga za mkopo. Nina duka la pembejeo na nimekulia kwenye mikorosho, kwa hiyo nawaambia vijana wanaoanza kushika mashamba ya wazazi: usipange matumizi ya nyumba kwa bei ya mnada. Panga kwa pesa iliyoingia benki.

Siupingi mfumo wa stakabadhi ghalani. Kabla haujaanza mwaka 2007, mnunuzi alikuja shambani na mizani yake na bei yake, ukubali usikubali. Sasa korosho inapimwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inakwenda ghala kuu, chama kikuu kama TANECU kinaipeleka mnadani. Lakini katikati kuna makato: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Kinachobaki ndicho chako, na kinakuja kwa siku zake.

Halafu kuna sera, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na baadhi ya minada ilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walioa, walinunua mashamba kwa bei ya juu. Katikati ya 2018 sheria ikabadilishwa: asilimia 65 ya tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Hazina pamoja na iliyobaki. Oktoba wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akaamua serikali inunue yenyewe kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaanza kusomba mzigo.

Bei ile ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa muda. Mashamba yalihakikiwa kwanza, malipo yakachelewa, Januari ikafika na watoto wanahitaji sare na ada. Dukani kwangu daftari la madeni lilijaa majina ya watu wenye magunia kadhaa ghalani na hawana hata nauli. Waliopumua ni waliokuwa na akiba ya ufuta, ambao huuzwa katikati ya mwaka, korosho ikiwa bado maua. Wengine dhiki iliwasukuma kwa kangomba, mnunuzi haramu wa nje ya mfumo, na kangomba hana huruma: anakukuta na mgonjwa ndani, anakutajia bei.

Kwa hiyo uwe na zao la pili. Lakini chagua kwa macho wazi, maana nalo lina serikali yake. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwake, na mbaazi zetu zikakosa bei ghafla. Uamuzi ulifanyika Delhi, aliyeumia yuko Masasi na Nachingwea. Ndiyo maana nasisitiza muhogo usiondoke shambani. Muhogo hausubiri mnada wala tangazo, unachimba unakula.

La mwisho linachosha, ila lina faida kuliko yote: nenda mkutano mkuu wa AMCOS yako. Baadhi ya makato hupitishwa pale, na mara nyingi viti vimejaa wazee watupu huku vijana wakilalamika kijiweni. Omba kusomewa kila kato, shilingi kwa shilingi, na nakala ya stakabadhi yako itunze. Mwenyekiti anayejua kwamba kuna wanachama wanaouliza anaandika hesabu kwa uangalifu zaidi.

Na wenye mamlaka wanaotusoma, ombi langu ni moja. Korosho yetu nyingi bado inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, wakati baadhi ya viwanda vilivyojengwa Kusini enzi za Mwalimu viligeuzwa maghala. Hilo halitatuliwi kwa msimu mmoja. Lakini tozo na ruzuku zinaweza kutangazwa mapema, kabla mkulima hajaanza kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, mwezi Mei, ili ajue anaingiza kiasi gani shambani na kwa matarajio gani.