Re: Wanaanga kuona mwanga wakifumba macho

Mkuu umeuliza ni kweli au stori za vijiweni, ni kweli kabisa. Wale wanaanga wa Apollo 11, safari ya mwezini ya mwaka 1969, walirudi wanasema gizani, macho wamefumba, wanaona cheche nyeupe inapita chap, mara nukta mara mstari, na Apollo 16 na 17 wakalifanyia majaribio rasmi. Ni chembe za mionzi kutoka anga za mbali, zina nguvu hatari, zinapenya bodi ya chombo, zinapenya kope, zikigonga retina (ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) ubongo unajua ni taa.

Ila hizo cheche sio ishu sana. Ishu ni lenzi ya jicho, ile haina mishipa ya damu, seli zikiharibika na mionzi hazina pa kwenda zinabaki humohumo, miaka inapita ukungu unajaa, ndo mtoto wa jicho huyo. Kuna utafiti wa 2001 ulikuta wanaanga waliopigwa mionzi mingi ndo wanapata zaidi na mapema. Sasa usije sema kila mgonjwa kaenda mwezini, bibi yangu hapa Ujiji anao na hata Uvinza hajafika 😂 uzee nao unaleta.

Na wanaanga wakirudi wanalalamika kusoma karibu hawaoni vizuri, hiyo usiitupie mionzi, inahusishwa zaidi na maji ya mwili kupanda kichwani kule kusiko na uzito.