Mama amemtengea baba sahani

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba ana miaka 58, hajawahi kuvuta sigara. Aliota uvimbe shingoni, chini ya taya, usiouma. Wamekata kinyama, majibu yanasema saratani ya tonsi, “p16 chanya”. Tukaambiwa ni virusi vya HPV, vya zinaa. Mama hasemi naye na amemtengea sahani na kikombe. Je, baba alitoka nje ya ndoa? — Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imeniuma. Mwambie mama hivi: mimi ndiye ninayekaa kwenye hadubini, na hakuna kipimo kinachoonyesha virusi viliingia lini, wala vilitoka kwa nani. HPV huambukizwa kwa ngono, ya mdomo ikiwemo, na watu wengi hupata, mwili ukavifuta wenyewe. Kwa wachache hubaki, na saratani huja kujitokeza baada ya miaka mingi, hata makumi ya miaka. Huenda baba alivipata kabla hawajajuana.

Sasa hiyo p16. Kinyama cha baba kiligandishwa kwenye nta, kikakatwa utando mwembamba kuliko karatasi, ukabandikwa kwenye kioo na kutiwa dawa. Seli zenye p16 nyingi hugeuka kahawia. Zikifika 70% au zaidi, tena kahawia iliyokolea, huandikwa chanya. Lakini p16 si kirusi; ni protini ya mwili wenyewe. HPV, hasa aina ya 16, huharibu breki ya seli, nayo seli humwaga p16 kwa wingi. Dalili ya mvua ni mawingu: kwenye tonsi na shina la ulimi mawingu haya huaminika sana, kwenye zoloto au kinywa hayatoshi. Daktari wenu akiwa na shaka, aombe vinasaba vya virusi vitafutwe kwenye nta ileile. Baba hatakatwa tena.

Na jibu hili lina heri ndani yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 ulikuta kwamba baada ya miaka 3, wagonjwa wa saratani ya aina hii wenye HPV walikuwa hai 82%, wasio nayo 57%. Hata hivyo msikubali mionzi ipunguzwe kiholela kwa sababu ya chanya hiyo. Amalize dozi zote.

Sahani na kikombe mrudishieni leo. HPV haipiti kwenye wali.