Leta jani la mkonge darasani

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako 60 hapo Tanga wananakili tu, na ulipowapa tatizo walilitatue, watatu walihangaika, waliobaki wakapiga soga. Kundi lilikuwa kubwa mno. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilipoanza mtindo huu wa kujifunza kwa kutatua tatizo kwa wanafunzi wa udaktari mwaka 1969, walikaa vikundi vidogo, kila kimoja na mlezi wake wa kuongoza mjadala. Huna walezi kumi, najua. Chukua wanafunzi wa mwaka wa tatu, wafunze kuuliza bila kutoa jibu. Hapo ndipo pagumu. Hata mimi ulimi huniwasha.

Tatizo lenyewe liwe la kwao. Weka jani la mkonge mezani. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yaliyobaki huishia wapi, na mto ulio chini ya kiwanda unakuwaje? Kisha nyamaza. Wachore safu tatu ubaoni: tunachojua, tusichojua, nani atatafuta nini. Safu ya tatu iandikwe majina ya watu, isiandikwe "kikundi". Wiki ya kwanza watakununia. Wakishakwama, wape mhadhara, dakika kumi na tano hivi.